Fundi Aliyekuja na Ndimu Mfukoni

Paukwa.
— Pakawa.
Palikuwa na kinu.
— Tukakikuta.
Kikalia.
— Tukakisikia.
Basi sogeeni. Aliye mlangoni aingie, hadithi haipendi upepo.

Hapo zamani, mafuta ya ufuta yalipokuwa yakikamuliwa kwa kinu na ngamia, katika mji wa Mkunguni paliishi mjane akiitwa Bi Mwanakombo. Mali yake ilikuwa ngamia mmoja, jina lake Subira, na banda la kuku. Kinu alichoachiwa na marehemu mumewe kilikuwa kimeoza, akataka kipya. Akamwendea fundi hodari kuliko wote mjini, Fundi Shaweji.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana bila hili hamtaelewa. Mji ule ulikuwa na ada yake. Fundi akija kutengeneza kitu kilichovunjika, mwenye nyumba humchinjia kuku. Kazi ikilala hadi kesho, kesho huchinjwa kuku mwingine. Lakini kitu kikiwa kizima, fundi hapati hata kipande cha mhogo. Watu walizaliwa wakaikuta ada hiyo, na hakuna aliyeiuliza maswali.

Fundi Shaweji aliipenda ada hiyo kuliko alivyoipenda randa yake.

Akachonga kinu cha mkwaju. Akachonga mchi wa mkwaju. Akaweka boriti ndefu ya kuvutwa na ngamia. Na pale boriti inapokutana na kichwa cha mchi, akaweka kigingi kimoja, kinene kama kidole gumba, cha mti wa msufi. Mnaujua msufi? Ule unaoingia ukucha.
— Tunaujua.
Kigingi akakificha ndani kabisa ya kichwa cha mchi. Juu yake akaweka kofia ya mbao yenye nakshi za maua, akaiziba pande zote kwa sandarusi, ule utomvu wa mti unaoganda ukawa mgumu. Watu walipokuja kutazama wakasifu maua.

Wapo wanaosimulia kwamba kigingi kilikuwa cha mfenesi. Hao hawakusikiliza. Bibi yangu alisema msufi, na mama yake alisema msufi.

Subira akafungwa kitambaa machoni, akaanza kuzunguka. Kinu kikalia. Mniitikie:

Kwiri, kwiri, zunguka Subira,
— Ufuta ulie, mafuta yacheke.
Kwiri, kwiri, zunguka Subira,
— Ufuta ulie, mafuta yacheke.

Mwezi haujaandama, kinu kikasema ka! Kikanyamaza. Bi Mwanakombo akaenda kumwita fundi. Fundi akaja, akakizunguka kinu, akatikisa kichwa.

"Kazi nzito hii, Bi Mwanakombo. Tushushe boriti, tung'oe mchi, tuyeyushe sandarusi, ndipo nione ndani kuna nini."

Siku ya kwanza akala kuku. Siku ya pili akala kuku. Akatia kigingi kingine cha msufi, akaziba, akafuta mdomo, akaenda zake.

Kwiri, kwiri, zunguka Subira,
— Ufuta ulie, mafuta yacheke.

Ka! Mara ya pili. Bi Mwanakombo akatoka kwenda kumwita fundi, akakutana naye njiani, begi la vyombo begani. Kuku wawili wakaenda.

Ka! Mara ya tatu. Bi Mwanakombo hajavaa hata kandambili, akasikia hodi. Fundi Shaweji yuko mlangoni, na mkononi ana ndimu.

"Nilikuwa napita tu," akasema Fundi.

"Unapita na ndimu?"

"Ya kikohozi."

"Pole. Kikohozi chako kinajua siku ya kuku."

Akamchinjia. Ada ni ada. Lakini bandani akabaki mtetea mmoja tu, na Fundi aliliona banda jinsi lilivyo tupu. Akiwa ananyonya mfupa, akamtazama Subira kuanzia nundu mpaka paja.

"Ngamia huyu kanona," akasema. "Kuku wakiisha, Bi Mwanakombo, ada haikatai nyama nyingine."

Subira alikuwa amefungwa macho. Masikio hayakufungwa. Akaacha kutafuna.

Fundi akiwa anaosha mikono, Bi Mwanakombo akaokota kile kigingi kilichovunjika. Akakibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukazama. Akakitupa jikoni, kikawaka, kikaisha, na sufuria haikupata hata joto. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikuwa nguoni na ndimu juu.

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mngepiga kelele?
— Tungepiga.
Ndiyo maana hamna ngamia. Bi Mwanakombo alingoja siku ya gulio, watu wamejaa, Fundi Shaweji amesimama katikati anasifiwa maua yake. Akapaza sauti.

"Jamani, mimi nina aibu. Fundi kama huyu, mwenye nakshi kama zile, kwangu anakula siku za balaa tu. Siku kinu kinapozunguka vizuri, siku za heri, simpi hata maji. Ni haki hiyo?"

"Si haki," wakasema watu, maana gharama haikutoka mifukoni mwao.

"Basi kuanzia leo, kila siku kinu changu kikizunguka, jioni Fundi Shaweji aje ale kwangu. Wali kwa nazi, na samaki akipatikana. Fundi, umekubali?"

Fundi akaona miezi yote imegeuka sahani. "Nimekubali," akasema, haraka hata kabla ya kumeza mate.

"Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Na siku kikisimama, hali. Anatengeneza kwanza."

Jirani yake, Bi Rehani, mwanamke mwenye ulimi kama kisu cha samaki, akadakia, "Fundi kashakubali. Muungwana hali matapishi yake."

Fundi akacheka na wenzake, lakini kicheko kilichelewa kidogo. Alikuwa amekumbuka kigingi.

Jioni ile alikula wali. Jioni ya pili akala wali. Ya tatu akala, huku sikio moja liko kwenye kinu. Haikuchukua muda.

Ka!

Fundi Shaweji akaja mbio. Akashusha boriti, tumbo linalia. Akang'oa mchi, tumbo linalia. Akaanza kuyeyusha sandarusi, moshi unamwingia machoni, na harufu ya mchuzi wa Bi Rehani inapita juu ya ua.

"Nani huyu aliyeziba namna hii?" akafoka. "Mtu gani mwenye akili anaficha kigingi mahali kama hapa?"

"Wewe, Fundi," akasema Bi Mwanakombo, anachambua mchele.

"Na haya maua ya nini?"

"Uliniambia ni ya sifa."

Siku mbili hakula kwake yule mjane. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia na njaa. Akaapa kuwa hakitavunjika tena. Akatafuta mpingo, mti mgumu kuliko yote, akachonga kigingi, akakipigilia kwa nyundo.

"Hiki hakivunjiki," akasema.

Na kweli hakikuvunjika. Kinu kikazunguka, Fundi akala, akanenepa mashavu. Mpaka siku moja jiwe dogo likaingia na ufuta. Mchi ukalikanyaga. Subira akavuta. Kigingi kikagoma kuvunjika, jiwe likagoma kupasuka. Kilichopasuka ni mchi, kutoka kichwani mpaka miguuni.

Mnaona? Kigingi kizima, mchi umekufa. Fundi Shaweji akaenda porini kutafuta mkwaju mwingine, akaukata, akauburuta, akauchonga. Kuku hapana, wali hapana, ni maji ya kisima na mhogo wa kuchoma wa kununua. Sasa mashavu yakarudi yalikotoka. Ndipo, akiwa ameketi kando ya mchi uliochongwa nusu, alipofikiri kifundi kwa mara ya kwanza tangu aanze kula kwa watu.

"Bi Mwanakombo," akaita. "Lazima kitu kivunjike. Jiwe likiingia, lazima kitu kivunjike."

"Haya."

"Basi kivunjike kile cha bure."

Akatupa kofia ya maua. Akatupa sandarusi. Kigingi akakiweka nje, peupe, mahali anapofika hata mtu aliyebeba mtoto. Na mti wake akakata mpera wa pale pale uani kwa Bi Mwanakombo. Mpera unastahimili kazi ya kila siku, lakini haushindani na jiwe. Akachonga vigingi vya akiba, akavitundika kwa kamba kwenye boriti, na nyundo kando yake.

"Kikivunjika, gonga hiki kitoke, gonga kile kiingie. Usinisubiri. Tafadhali sana, usinisubiri."

Kwiri, kwiri, zunguka Subira,
— Ufuta ulie, mafuta yacheke.

Jiwe likaingia. Ka! Bi Mwanakombo akatoa jiwe, akagonga, akagonga tena. Sufuria ya wali haikuwa imechemka, kinu kinalia. Jioni Fundi akaja, ameshika tumbo kwa wasiwasi.

"Nimesikia kimya," akasema.

"Kilikuwa kifupi. Nawa mikono."

Tangu hapo Fundi Shaweji akawa anakuja asubuhi bila kuitwa, anapepeta ufuta mwenyewe na kutoa mawe, anapaka boriti mafuta, anamwangalia Subira nyayo. Mtetea akampata jogoo wa jirani, akaatamia, vifaranga wakajaa bandani, na hapakuwa na wa kuwachinja.

Watu wa gulio wakaona. Mwenye mlango akamwambia seremala wake, njoo ule kila siku mlango unapofunga vizuri. Mwenye kisima akamwambia msuka kamba, njoo ule kila siku kamba inapovuta. Mafundi wakanuna, wakakutana, wakaita ada mpya uchawi wa mwanamke. Kisha jioni ikafika, wakasikia njaa, wakatawanyika kila mtu kwenda kukaza kazi yake.

Mpaka leo Mkunguni kitu kikivunjika, usiulize fundi yuko wapi. Yuko njiani anakimbia, na tumbo limemtangulia.

Hadithi yangu nimeikamua mpaka tone la mwisho. Mafuta chukueni nyinyi, mashudu niachieni mimi.
— Tumechukua.