Kofi la Gizani

"Alama bila vigezo ni kofi la gizani." Mmemsikia mkuu wa chuo akiisema asubuhi hii, na ninyi walimu wapya mkanigeukia kuniuliza imetoka wapi. Ketini niwaeleze. Chanzo chake nakifahamu vizuri, kwani mkono uliopiga kofi lenyewe ni huu wangu.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne, nafundisha ukunga kwa njia ya mtandao. Wanafunzi wangu walikuwa wauguzi wa zahanati za mbali, waliotaka kutoka ngazi ya cheti kwenda stashahada bila kuacha kazi. Sura zao sikuzijua. Niliwajua kwa maandishi yao tu.

Mmoja aliitwa Atuganile Sanga, muuguzi wa huko Makete milimani. Mtandao haukufika kwenye zahanati yake, hivyo kila alipotaka kutuma kazi alipanda kilima na simu yake. Kazi ya kwanza nilimpa thelathini na nane, nikaandika chini: "Jitahidi zaidi." Ya pili arobaini, na maneno yale yale. Ya tatu thelathini na tisa. Zote tatu alikuwa amefeli; akifeli na ya nne, anaondolewa kwenye kozi.

Ndipo akanipigia simu.

"Shikamoo, mama," nilisema, maana sauti yake ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba, mwalimu. Siombi kuongezewa alama. Naomba uniambie nimekosea wapi."

"Mama, ongeza bidii kidogo tu…"

"Niiongeze wapi, mwalimu? Mtu akikupiga kofi mchana unamwona, na kosa lako atakwambia. Hili lako ni kofi la gizani. Shavu linauma, sababu siioni."

Nikamwomba asubiri. Nilifungua kazi yake ya tatu, iliyouliza namna ya kumhudumia mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Niliisoma mara mbili huku upepo wa kilimani ukivuma kwenye simu, nikitafuta kosa la kumwonyesha. Nilichokiona ni sentensi fupi fupi na herufi kubwa zilizosahaulika. Hatua za kumwokoa mama zilikuwemo zote, moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo, mama. Nipe siku tatu."

Siku hizo sikufundisha. Nilichora jedwali, nikaandika kila ninachokitafuta katika jibu: hatua na mpangilio wake, sababu ya kila hatua, usalama wa mama, uwazi wa maelezo. Mbele ya kila kigezo nikaeleza jibu bora likoje, la wastani likoje, na dhaifu likoje. Kisha nikaficha majina, nikasahihisha upya kazi zote za darasa.

Nikaogopa. Desideri, kijana niliyempa themanini na sita kwa Kiswahili chake kitamu, hakuwa amekumbuka kukagua kama kondo la nyuma limetoka lote. Yule mama wa kwenye karatasi yake angeweza kufa, nami nilikuwa nimeandika "Safi sana." Atuganile alipanda hadi hamsini na nane. Nikamtumia jedwali kama nilivyowatumia wenzake wote, na mrejesho huu: "Hatua zako ni sahihi na zimepangika. Sababu hujaziandika. Kwa nini unahakikisha kibofu cha mama ni kitupu?"

Kazi ya nne ilikuja baada ya wiki mbili. Aliandika: "Kibofu kikijaa, mfuko wa uzazi haujikazi, na damu haikomi. Nililijua hili mwaka wangu wa pili kazini, gari la wagonjwa likiwa limekwama topeni. Tangu hapo mama kumi na saba wametokwa na damu mikononi mwangu. Wote walirudi kwao wakitembea."

Nilisimama kutoka kitini, peke yangu ofisini, kama mtu anavyosimama mkubwa wake akiingia. Mama kumi na saba! Mikono hiyo ndiyo niliyoiambia ijitahidi zaidi. Ujuzi wote ule ulikuwepo tangu kazi ya kwanza, umenyamaza kwa kuwa hakuna aliyeuuliza.

Alihitimu. Siku ya mahafali ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza: mwanamke mfupi, koti la baridi juu ya joho. Wenzake walimchagua azungumze kwa niaba yao. Alishika kipaza sauti, akatutazama walimu tuliokaa mstari wa mbele.

"Walimu wetu, asanteni kwa kutuwashia taa," alisema. "Alama bila vigezo ni kofi la gizani."

Wageni walicheka, wakidhani ni mzaha. Sisi walimu hatukucheka.