Hati Iliyozidishiwa Mwanga

Ndugu yangu, kisa hiki nilikabidhiwa na mtu ambaye sijapata kumsikia akisema uongo, nami nakukabidhi wewe. Kisome kwa utulivu, kisha mfikishie yeyote unayemtakia kheri.

Katika mji mmoja wa mwambao aliishi mpiga picha aitwaye Hatibu. Sifa yake kubwa ilikuwa kanzu: katika picha zake za harusi kanzu zilitoka nyeupe pepepe, na watu waliupenda weupe huo hata bwana harusi aliyepigwa picha na mtu mwingine alionewa huruma. Hatibu hakuwa na desturi ya kupima. Alitazama kioo cha kamera yake, akaongeza mwanga mpaka moyo wake ukaridhika.

Siku moja Kadhi wa mji akamwita.

Palikuwa na shauri la nyumba ya marehemu Mzee Bakari Mshangama. Katika chumba cha uani cha nyumba ile, binti yake, Bi Mwanakheri, alikuwa amefundisha watoto Kurani kwa miaka arobaini. Sasa Sufiani, mtoto wa marehemu kaka yake, alitaka nyumba yote igawanywe kwa warithi, na chumba kile kivunjwe pajengwe ghala. Bi Mwanakheri alishikilia kwamba baba yake alikiweka chumba wakfu. Ushahidi pekee ulikuwa hati aliyoiacha mzee, nayo ilikuwa imelowa mvua ikabadilika rangi. Mistari ya juu ilisomeka kwa taabu. Sehemu ya chini, jicho halikuweza kutenga wino na karatasi. Kadhi aliamuru hati ipigwe picha na kukuzwa.

Siku ya hukumu Hatibu alifungua kompyuta yake mbele ya watu. Karatasi ilimeremeta kama kanzu ya harusi. Mistari mitano ya juu ilisomeka wazi: nyumba ni ya warithi, waigawane kwa mujibu wa sheria. Chini yake palikuwa peupe.

"Basi, shangazi," alisema Sufiani, "maneno yameisha. Au unataka tumwandikie babu mengine?"

"Mimi nilikuwa nimemshikia taa siku ile, Sufi," alijibu Bi Mwanakheri. "Mkono wake haukuishia hapo."

Kadhi alimgeukia mpiga picha. "Hatibu, una yakini kwamba pale chini hapana kitu?"

"Yakini, Sheikh. Jicho langu hili lina miaka ishirini kazini."

Kadhi alisogea karibu na kioo. Pembeni mwa picha aliona mchoro mdogo kama kilima. "Na hiki ni nini?"

"Huo ni mchoro wa mwanga, Sheikh, unaitwa histogramu. Upande wa kushoto ni weusi, wa kulia ni weupe, na kimo chake ni wingi wa kila kivuli kilichomo katika picha. Mimi siutazami sana."

"Muuza mchele wetu ana mkono mzoefu kuliko jicho lako, na bado tunamtaka aweke mizani. Nisomee. Mbona huku kulia kilima kimesimama wima kama ukuta?"

Hatibu aliinama kutazama.

"Hizo ni sehemu zilizofika ukomo wa weupe, Sheikh. Zikigonga ukuta huo, kamera haihifadhi tena kilichokuwemo."

"Basi nijibu kama shahidi. Pale chini hapana maandishi, au hapana kumbukumbu?"

Hatibu alijua kwamba jibu lake lingefika sokoni kabla yake. Aliitazama ile picha iliyokuwa fahari ya mkono wake, kisha akasema kwa sauti iliyosikika na wote:

"Hapana kumbukumbu, Sheikh. Nimeyafuta mimi, nikidhani ninapendezesha. Naomba hati niipige upya, papa hapa."

Akaiweka hati karibu na dirisha. Safari hii hakuuliza moyo wake. Alipunguza mwanga, akatazama mchoro, akapunguza tena, mpaka kilima kikabanduka ukutani na kusogea kushoto bila kugusa ukingo wa pili, kikiwa chembamba, kimejikunyata.

Picha ilitoka na giza. Sufiani akacheka. "Hii ni hati au masizi ya chungu?"

"Ngoja, bwana," alisema Hatibu. "Safari hii hakuna kilichopotea. Kimejificha tu."

Katika kompyuta, chini ya mchoro, palikuwa na alama mbili, moja ya weusi na moja ya weupe. Aliivuta ya weusi taratibu mpaka mguu wa kushoto wa kilima, na ya weupe mpaka mguu wa kulia, bila kuvuka. Vivuli vilivyokuwa vimebanana vikaachana. Wino ukajitenga na karatasi, na pale palipokuwa peupe pakatokea mistari miwili.

Kadhi alivaa miwani akasoma: "Isipokuwa chumba cha uani, ambacho tangu leo nimekiweka wakfu kwa wanaosoma Kurani. Shahidi wangu ni..."

Akamwita Sufiani. "Njoo usome mwenyewe."

Sufiani alisogea na tabasamu lake. Alipofika kwenye mstari wa mwisho, tabasamu likamtoka. Jina la shahidi lilikuwa la baba yake, aliyeliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko ambao Sufiani aliuona utotoni mwake kote, na mkia mrefu uleule chini ya herufi ya mwisho.

"Baba alishuhudia," alisema polepole. "Na mimi nilikuwa nambomolea ushahidi wake."

Akatoa ufunguo wa uani mfukoni, akauweka kiganjani mwa shangazi yake. Bi Mwanakheri hakumlaumu. Alimwambia tu, "Paa linavuja, mwanangu. Ukija kuliziba, njoo na ngazi yako."

Hatibu aliendelea kupiga picha za harusi. Kanzu zake hazikuwa pepepe tena; sasa uliweza kuona hata taraza zilizodariziwa shingoni, na watu wakamtafuta zaidi kuliko mwanzo.

Funzo: Usiliamini jicho lako mahali Mola alipokujaalia mizani; na mizani ikikukosoa, kiri mbele ya watu, kwani haki ya mwenzako huenda imefichwa na kile unachojivunia.