Kinu cha Mzee Luvanda na Kande za Wakwe

"Mziba maji yaendayo hula kande harusini." Bibi kaisema jana, nanyi wote mkanigeukia mimi kana kwamba nimeziba kitu. Haya, sogeeni wadogo zangu. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Ubena, kinu cha maji kilikuwa kimoja tu bonde zima, cha Mzee Luvanda. Mfereji ulileta maji kutoka mtoni, maji yakaangukia gurudumu kubwa la mbao, gurudumu likazungusha jiwe, jiwe likasaga mahindi. Yakishamaliza kazi, maji yalitokea chini na kuteremkia bustani ya jirani yake, Mama Imelda. Kabeji za mama huyo zilinenepa kama mashavu ya mpiga tarumbeta.

Hapo ndipo roho ilipomuuma Luvanda.

"Mama Imelda, maji hayo ni yangu. Lete kabeji."

"Baba Tulalumba, yako yakiwa kwako. Yakishatoka ni ya Mungu na kabeji zangu."

Sasa, binti yake Luvanda, Tulalumba, alikuwa anaolewa Jumamosi. Luvanda alishajitapa kwa wakwe kwamba watakula ugali laini wa kinu chake, si unga wa kutwanga. Kinu cha kutwangia alikwishakipasua kuni. Na kule, kumpa mkwe kande, mahindi mazima na maharage, siku ya harusi, ni kumwambia arudi kwao na ng'ombe wake.

Ijumaa, kwa hasira za kabeji, akaziba njia ya maji ya kutokea kwa magogo na udongo. Akalala usingizi wa mshindi.

Asubuhi akamimina mahindi. Gurudumu likageuka kidogo, likaguna, likasimama.

"Maji hayatoshi!" akasema, akafungulia mfereji wote.

Maji hayana pa kutokea, yaende wapi? Yakapanda, yakalimeza gurudumu hadi kiunoni, yakaingia ndani na kulowesha mawe. Luvanda akalisukuma gurudumu kwa bega. Akalitukana. Akalibembeleza: "Geuka kidogo tu, mama."

Mama Imelda akatokea na jembe begani, anaulizia maji yake. Akatazama, akatikisa kichwa.

"Baba Tulalumba, ng'ombe ukimlisha ukamziba huku nyuma, atalima?"

Luvanda akajitosa na suti yake ya harusi, akang'oa magogo. Maji yakatoka kwa kishindo, yakaondoka na kiatu chake kimoja. Lakini mawe yalikuwa chapachapa, na vigelegele vya wakwe vilikwishafika kilimani.

Wakapewa kande. Tulalumba akainamisha uso. Mshenga akaikodolea macho sahani.

"Si tuliambiwa tunaoa kwa mwenye kinu?"

Mama Imelda akaingia na sufuria ya kabeji inayofuka moshi, akaitua katikati yao.

"Ni kwa mwenye kinu, wakwe zangu. Ila leo kinu kimefunga choo."

Babu wa bwana harusi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Tuleni, jamani! Mke tumempata, na methali juu."

Tulalumba akaolewa. Luvanda, kiatu mguu mmoja, alikula kande zake, akiomba aongezewe kabeji.

Tangu hapo, mtu wa kule akimnyima mwenzake kisichompunguzia kitu, hawamgombezi. Wanamuuliza tu ana sufuria ya kande kubwa kiasi gani. Mziba maji yaendayo hula kande harusini.