Jina la Mtoto wa Njia Isiyopita Magari

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni Bi Maimuna binti Shee, mwaka wa 2009, mwezi wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, aliporudi Malindi kutoka Italia na mtoto wake begani. Aliwasimulia shangazi zake ukumbini, wakimpokeza mtoto huku na huku. Tangu siku hiyo tunaipokezana vilevile alivyoitoa.

Hapo zamani, zamani ya juzi, palikuwa na fundi baiskeli wa Malindi aitwaye Athumani. Watalii wa Kiitaliano walimpenda, kwa sababu baiskeli iliyopita mikononi mwake haikurudi na ugonjwa uleule. Mmoja wao akamwita kwao, kusini kabisa mwa Italia, mkoa wa Puglia, akatunze baiskeli za wageni. Athumani akaenda. Baadaye akamchukua mkewe, Maimuna.

Huko palikuwa na reli ya kale iliyofuata bahari. Treni zilikoma, vyuma vikang'olewa, njia ikasawazishwa, ikawa ya baiskeli tupu. Upande mmoja bahari, upande wa pili mizeituni mikongwe iliyojisokota kama kamba. Haikuwa na miinuko, maana garimoshi halipendi mlima. Gari halikupita, pikipiki haikupita. Watu walitoka mbali kuja kuendesha humo taratibu, wakilala mji huu na kula mji ule. Athumani na Maimuna walipewa nyumba iliyokuwa stesheni. Mume alitengeneza baiskeli na kuongoza wageni, mke alipika. Wageni walioonja wali wake wa nazi walichelewa kuondoka.

Njia ile ilikuwa na mlinzi, Mzee Cosimo. Enzi za treni kazi yake ilikuwa kufunga barabara ili treni ipite. Treni zilikwisha, yeye hakwisha. Kila mahali gari lingeweza kupenya, aliweka mnyororo au jiwe. Wenye hoteli za ufukweni walitaka wageni wao wapitishe magari humo wakati wa joto, akakataa. Mwoka mikate alitaka kupitisha kigari chake, akakataa. Bwana harusi mmoja alimsihi kwa ajili ya siku moja tu; akakataa, na bibi harusi akapita kwa miguu, viatu mkononi. Watu wakamchukia. Wakamwandikia matusi ukutani.

Hata Maimuna alimkasirikia, maana mtungi wa gesi ulifikishwa kwenye mnyororo basi, na Athumani akaubeba kwa baiskeli mpaka nyumbani. Na Bi Mishi, mamake Athumani, aliyekuja kutoka Malindi kumwangalia mkaza mwana wake, alimpachika Cosimo jina: Firauni wa Baiskeli.

Maimuna alikuwa mjamzito, mara ya pili. Mimba ya kwanza ilimtoka Malindi, na hakupenda kuizungumzia. Hii aliichukua kama mtu anayevuka chumba na bakuli la maziwa lililojaa pomoni.

Ikafika sikukuu yao ya katikati ya Agosti, siku ambayo Waitaliano hushuka pwani kama waliofukuzwa bara. Athumani alikuwa mji wa mbali na wageni. Adhuhuri, Maimuna akiwa jikoni, alihisi maji yakimteremka miguuni. Akaangalia chini. Hayakuwa maji peke yake. Ilikuwamo damu, na mwezi wake wa kujifungua haujafika.

Nje kivulini walikuwapo waendesha baiskeli wachache waliopumzika wakila tikiti. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo kutoka kaskazini, jina lake Ornella. Alikuwa akisafiri polepole kuliko wenzake, kwa sababu goti lake lilikuwa limepasuliwa, na daktari alimwonya asilitie nguvu. Nyuma ya baiskeli yake alikokota kigari cha magurudumu mawili chenye mizigo.

Bi Mishi alipopiga ukelele, wote wakasimama. Wakapiga simu hospitali. Wakajibiwa kwamba gari la wagonjwa limekwisha kutoka, ila barabara ya juu imejaa magari ya watu wa ufukweni, hayaendi mbele wala nyuma. Wasubiri. Wakaambiana wasubiri. Wakamletea Maimuna kiti, wakampepea kwa kofia, wakasubiri.

Bi Mishi hakujua Kiitaliano hata neno. Lakini aliona wote wanatazama juu barabarani, na aliona damu haitazami popote, inateremka tu. Akaenda kwenye kigari cha Ornella. Akafungua kamba. Akatupa begi la kwanza kwenye mipungate, miiba yake ikamchoma vidole, akatupa la pili, akatupa na mfuko wa kamera. Ornella akauliza kuna nini, akafuata mizigo yake, akarudi. Bi Mishi hata hakumtazama. Alikwisha kutandika leso kigarini.

"Ingia, mwanangu," akamwambia Maimuna. "Wanaosubiri ni wale wenye muda."

Ornella akatazama kigari. Akatazama gauni la Maimuna. Kisha akainama, akakaza kamba za viatu vyake, akapanda baiskeli, na Maimuna akamwonyesha upande wa hospitali.

Kigari kilikuwa cha mtu mmoja. Bi Mishi akakimbia nyuma, ndala mkononi, mpaka pumzi ikamwishia, kisha akatembea. Alitembea njia nzima akisoma dua kwa sauti, na wageni aliokutana nao wakamwamkia kwa adabu, wakidhani anaimba.

Kutoka kigarini, Maimuna aliuona mgongo wa Ornella tu, unapanda na kushuka, na jasho likitanda kwenye shati lake. Alimsikia akiguna kila goti lilipokunjika. Kengele yake haikunyamaza, na baiskeli zote za mbele zikakaa pembeni. Hapakuwa na kitu cha kuwazuia. Kisha mizeituni ikaachana, na Maimuna akaiona barabara ya juu. Magari yamesimama kama ng'ombe wanaongoja josho. Watu wametoka nje, wamekaa juu ya boneti, wanakunywa soda. Na katikati yao liko gari la wagonjwa, taa zake zinazunguka, lenyewe halisogei. Maimuna akalitazama mpaka likabaki nyuma.

Wakapita penye mnyororo wa Mzee Cosimo, kwenye upenyo wa baiskeli. Mzee mwenyewe alikuwa kitini kivulini, kofia usoni, amelala. Hakuwaona wakija, hakuwaona wakipita.

Njia iliishia kwenye stesheni ya mjini, na hospitali ilikuwa nyuma yake. Maimuna akapasuliwa papo hapo. Akazaliwa mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Daktari alimwambia Athumani kwamba wangekawia kidogo tu, angewapoteza wote wawili.

Mtoto aliporuhusiwa kutoka, wakafanya akika pale nyumbani kwao stesheni. Athumani alichinja mbuzi, na waliokula wali wa Maimuna zamani wakaja kula tena. Ornella alikuja kwa magongo. Goti lilikuwa limeharibika, na madaktari walimwambia baiskeli basi. Maimuna alipotaka kulia, Ornella akamwomba aongeze mchuzi.

Lakini palikuwa na jambo. Jina husomwa sikioni mwa mtoto, na jina ni moja. Maimuna alitaka jina hilo liwe shukrani. Akawaambia waziwazi, Athumani akitafsiri huku na huku: uhai wake na wa mtoto ni deni lisilolipika, na hana zawadi nyingine ya kufanana nalo. Amwite nani?

Bi Mishi hakungoja. Alisema kwao binti wa kwanza huchukua jina la mamake baba, na hilo halina mjadala. Na hata mila zikiwekwa kando, siku ile walikuwapo watu wenye simu na baiskeli na elimu, na wote walikaa kupepea. "Nisingemwaga yale mabegi," akasema, "mpaka sasa tungekuwa tunapepea."

Ornella akacheka, akasema ni kweli, kamera yake bado ina miiba.  Akasema hakuja kudai. Ila yeye hana mtoto, wala ndugu zake hawana, na baiskeli ndiyo iliyokuwa nyumba yake. "Siombi," akasema. "Lakini nikipewa, sitajifanya nimekataa."

Watu wakadhani yamekwisha, imebaki kuchagua kati ya wawili. Ndipo Athumani akasema kuna wa tatu, akamnyooshea mkono Mzee Cosimo, aliyekuwa pembeni na sahani yake.

Bi Mishi akashika kiuno. "Huyu? Si alikuwa amelala? Usingizi nao una ujira siku hizi?"

"Mama, hebu niambie," Athumani akasema. "Huyu angewakubalia wenye hoteli, siku ile njia yetu ingekuwa na nini?"

Bi Mishi akaishusha mikono kutoka kiunoni.

Mzee Cosimo alipotafsiriwa, aliweka sahani chini. Alisema ni kweli, alikuwa amelala. "Lakini miaka yote ile, nyinyi mkinitukana, nilikuwa macho." Akasema hajitakii jina. Mkewe aliitwa Marina. Alikufa wakati mji mzima umewanunia kwa sababu ya minyororo, na waliokuja kumzika hawakujaza hata benchi moja la kanisa. Kama lipo jina la kutolewa, litolewe hilo.

 Maimuna aliwatazama wote watatu. Alimtazama mama mkwe wake, ambaye vidole vyake vilikuwa bado na alama za miiba. Alitazama magongo ya Ornella. Alimtazama yule mzee aliyemnyima njia ya gesi. Akawashukuru mmoja mmoja, kwa lugha yake kila mmoja, na Kiitaliano chake kilikatika mahali pamoja tu. Kisha akamnong'oneza mumewe neno moja. Athumani akainama kwenye sikio la mtoto, akaadhini, akalisoma jina.

Mzee Cosimo amekwisha kufa. Minyororo yake ingalipo, wengine wanaitunza. Bi Mishi yu hai, Malindi, macho hayaoni vizuri lakini ulimi uleule. Ornella yu hai huko kwao kaskazini, anatembea kwa fimbo, na sikukuu ya Agosti hupiga simu. Athumani na Maimuna wako hai, alhamdulillahi. Mtoto naye yu hai, na ninyi mnaomjua kwa jina nyamazeni kwanza, muwaache wengine waseme.

Haya, semeni. Mmoja aliamua, mmoja alikokota, mmoja alikuwa amelala. Je, nani alistahili jina?