Pimbi, Mifupa na Matikiti

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kununiana na majirani, Pimbi alifukuzwa na mkewe, Mwanasha.

"Usirudi mikono mitupu! Watoto wanatafuna mkeka!"

Pimbi huyoo, akaenda kuchungulia kwa wakubwa. Ua wa Fisi ulijaa matikiti aliyorithi kwa shangazi yake. Masikini Fisi! Alilitafuna moja huku machozi yakimlengalenga.

"Tamu kweli!" akapaza sauti ili jirani asikie.

Ng'ambo ya ukuta, Tembo alikuwa amepokea mahari ya binti yake: rundo la mifupa. Akautia mmoja mdomoni, kwaru, kwaru!

"Ooo, uboho huu!" akanguruma, na tumbo lake likanguruma pia.

Kila mmoja alitamani cha mwenzake, ila kuomba aliona haya. Si ataitwa mdoezi!

Pimbi akaingia kwa Fisi. "Shikamoo, Mjomba Fisi. Nikuletee mfupa?"

"Marahaba. Mfupa!" Mate yakamdondoka, cho, cho. "Lakini Tembo anaipenda mno mifupa yake. Namsikia kila siku."

"Ndiyo maana ni ghali. Matikiti matatu kwa mfupa mmoja."

"Beba!"

Kwa Tembo akasema, "Shikamoo, Babu. Mifupa mitatu kwa tikiti moja. Fisi ana roho mbaya, hataki kuyaachia."

"Beba, mjukuu wangu, beba!"

Kila safari, Pimbi akabaki na matikiti mawili na mifupa miwili. Matikiti yakaliwa, mifupa ikaundwa vitanda. Watoto wakanenepa hadi wakakwama mlangoni.

Siku moja Tembo alikuwa akila kitikiti chake cha pekee. Utamu ukamlegeza, akaegemea ukuta. Kruuu! Puu!

Vumbi lilipotulia, Fisi huyo, mfupa mdomoni.

"Kumbe hupendi matikiti?" Tembo akashangaa.

"Nayachukia! Kumbe wewe hupendi mifupa?"

"Imenivunja jino!"

Wakabadilishana papo hapo, mpaka Fisi hana tikiti hata moja, na Tembo hana mfupa. Wakala wakicheka.

Pimbi akafika mbio. "Wazee wangu, tubadilishane tena kidogo?"

"Tubadilishane nini?" Fisi akajilamba. "Hapa ukihamisha kitu chochote, lazima mmoja wetu alie."

Pimbi akarudi nyumbani amenywea. Mwanasha akatazama chungu kitupu, akawatazama watoto, kisha akaanza kupika vitanda.

Basi wanangu, mwambieni jirani mnachotaka kwa vinywa vyenu, kabla mjanja hajawasemea.