Sista Kwenye Mizani ya Kahawa

"Mpimaji hupimwa kwanza."

Mzee Kapinga alimwambia hivyo mwalimu mpya wa kwaya, aliyewakaripia waimbaji kabla yeye mwenyewe hajaimba hata ubeti mmoja. Mwalimu alipoondoka, vijana walimng'ang'ania mzee awaeleze msemo huo ulikotoka. Mzee akacheka, akafunga kitabu chake cha nyimbo. Methali hii, alisema, ilizaliwa hapahapa Lukwindi, nayo ilianza hivi.

Masista wauguzi walipofika kijijini, watu waliwapokea vizuri. Vidonda vilifungwa, malaria ilitibiwa, na hakuna aliyelalamika. Shida ilianza siku Sista Gaudensia alipotundika mizani barazani pa zahanati na kuwaita akina mama walete watoto wapimwe uzito. Hakuja hata mmoja.

Otilia alitamani sana kwenda. Mwanawe Festo alikuwa ametimiza mwaka na bado hakai. Mbavu zake zilihesabika, na kulia kwenyewe alikuwa ameacha. Lakini mama mkwe wake, Bibi Kresensia, alikataa katakata.

"Mama Festo, kahawa inayotundikwa mizani pale ushirika umeiona?"

"Nimeiona, mama."

"Na iliyorudi nyumbani umeiona?"

Lukwindi kitu kikishapimwa hupakiwa kwenye lori, na lori halirudishi kitu. Hata hivyo hofu ya kumpoteza mtoto ilimzidi Otilia, akaenda peke yake kwa Sista kumweleza yote. Sista hakucheka. Alifikiri kidogo, akauliza siku ya kupima kahawa ni lini.

Jumatano, siku ya kupima kahawa, Sista Gaudensia alipita katikati ya wakulima pale ushirika, akaketi kwenye kamba ya kuning'inizia magunia, akamwambia karani asome.

"Kilo sitini na nane!" karani akatangaza. "Gunia zima, na debe la ziada!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi Kresensia peke yake hakucheka. "Tungojee lori," alisema.

Basi kijiji kizima kikawa kinangojea lori. Jumamosi lilipofika, kila mtu alijipatia kisingizio cha kupita ushirika: huyu anatafuta mbuzi, yule anaulizia chumvi. Mara wakamwona Sista anakuja na kikapu mkononi. Kumbe alikuwa ameitwa misheni kwenye mafungo ya sala ya kila mwaka, na usafiri ulikuwa huohuo mmoja. Kwa haraka zake hakuwa amewaza zaidi ya hapo. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori.

Minong'ono ikaanza. Otilia alisahau adabu, akapaza sauti mbele za watu.

"Sista, ukipanda hilo, mwanangu hapimwi tena!"

Sista akageuka. Aliona macho ya kijiji kizima yamemkazia, ndipo alipoelewa. Kukosa mafungo bila ruhusa halikuwa jambo dogo kwa mtawa. Alisimama vile kwa kitambo, mguu mmoja juu, mwingine chini. Kisha akashuka.

"Mwambie Mama Mkuu kahawa imekuja," alimwambia dereva, "mimi nimebaki."

Lori liliondoka. Bibi Kresensia akamzunguka Sista, akamshika bega, akamshika na mkono. Aliporidhika, alimtoa Festo mgongoni mwa Otilia, akatangulia kuelekea zahanati.

Mizani ilionyesha kilo sita tu. Sista alimfundisha Otilia uji wa ulezi wenye karanga na maharage yaliyosagwa, na kila wiki mtoto akarudishwa kupimwa. Mama Mkuu alituma karipio la kurasa mbili, na Sista akalipokea kwa unyenyekevu. Ulipofika msimu uliofuata wa kahawa, Festo alikuwa anatambaa na kupindua vyungu vya bibi yake.

Siku moja mama mgeni alisita mlangoni pa zahanati, amemkumbatia mtoto wake kwa nguvu, asitake kumtoa. Bibi Kresensia akamsukuma taratibu.

"Ingia, mwanangu. Yule unayemwogopa alitundikwa kabla ya watoto wetu, tukamtazama kama ataondoka. Mpimaji hupimwa kwanza."