Chui Asiye na Meno

Ngano, wanangu, ngano!

"Njoo, tumekaa!"

Nije mikono mitupu?

"Njoo na cha kutufaa!"

Aliyechanjwa leo na mkono bado unamuuma, asogee hapa karibu yangu. Wengine mtanisikia hapo mlipo.

Hapo kale, kwenye majabali marefu, waliishi pimbi, wanyama wadogo wasio na mkia. Mmoja wao aliitwa Bi Nyamizi. Alizaa mapacha, Kulwa na Doto, kisha akamzaa Shija. Chui akaja, akamla Kulwa. Chui akarudi, akamla Doto. Akabaki Shija peke yake.

Bi Nyamizi akakaa na msiba wake, akiwaza: mbona watoto hawakimbii? Kumbe kila aliyemwona Chui hakubaki kuwasimulia wenzake.

Asubuhi moja Chui alikuwa ameshiba, amejilaza chini ya jabali. Bi Nyamizi akachungulia kutoka kwenye ufa, juu kabisa.

"Shikamoo, Bwana Chui!"

"Marahaba. Shuka uniamkie vizuri."

"Miguu inatetemeka, bwana. Nina ombi tu. Bwana mkubwa kama wewe, na watoto wetu hawaijui hata sura yako! Gaagaa kwenye ule udongo mbichi, tukufinyangie sanamu."

Chui akacheka, kha kha kha! "Vitoweo vyangu vina adabu!" Akagaagaa, pwata pwata, akaenda zake.

Bi Nyamizi akaufinyanga ule udongo. Umbo la Chui, lipo. Harufu ya Chui, ipo. Manyoya ya Chui, yapo. Meno, hakuna.

Akaisimamisha sanamu mbele ya shimo, akamwita Shija kwanza. Shija akaiona, akaanguka, puu! Jioni akashikwa na homa.

Jirani yao, Bi Mbula, akaja juu. "Wee Nyamizi! Wawili kawala Chui, huyu unamuua mwenyewe?"

Bi Nyamizi akachota maji. Akamkanda mwanawe mpaka homa ikashuka.

Kesho yake Shija alitetemeka kidogo tu. Siku ya tatu akanusa, akapiga mbinja, fyuuu! akatumbukia shimoni. Hapo mama wengine wakawaleta watoto wao, na Bi Mbula naye akamleta binti yake, Limi.

Chui akaja. Harufu tu, fyuuu! Mashimoni kimya. Akaja tena. Ncha za masikio tu, fyuuu! Mashimoni kimya. Mara ya tatu alikuja mbavu zimemtoka.

"Nani kawaambia nilivyo?" akanguruma.

"Si wewe mwenyewe, bwana?" Bi Nyamizi akajibu kutoka ndani.

Chui akahama.

Kisha akaja Chatu. Bi Nyamizi akaokota gamba alilojivua Chatu huyo, akaivika sanamu ya udongo, akawafunza watoto. Lakini Chatu hachoki kujivua. Watoto walilijua gamba la kahawia. Yeye akaja na la kijani. Hakuna aliyepiga mbinja. Akammeza Limi.

"Sanamu yako imenidanganya," Bi Mbula akasema, taratibu.

Bi Nyamizi akaketi naye chini siku nyingi. Mwishowe akasema, "Haikukudanganya, dada. Ilimwonyesha Chatu wa jana."

Tangu hapo, kila Chatu alipojivua, Bi Nyamizi aliokota gamba jipya akaanza upya. Aliyemkandia udongo ni Bi Mbula.

Siku moja Shija akasema, "Mama zangu, sikilizeni. Gamba linabadilika. Tumbo linavyoburuzika halibadiliki."

Wakalaza masikio juu ya jabali, wote watatu. Srrr. Srrr. Mpaka leo wanajifunza sauti hiyo, na bado hawajaijua sawasawa.

Ngano yangu naiacha pale jabalini, atakayepita aiokote.

Na funzo lake? Funzo ni hili, wanangu: mtoto asisumbuliwe na chui asiye na meno. Mngojeeni mwenye meno. Huyo hufunza mara moja tu, na mtoto halii tena. Kama hamniamini, kawaulizeni Kulwa na Doto.